Gripu inazunguka, mkono unateleza, shuti halitoki: kasoro za gongo la floboli na dawa zake

Kila Jumanne jioni, kabla mazoezi hayajaanza, kuna mtoto au mzazi anayenijia ukumbini na gongo mkononi akiniambia limeharibika. Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu ya watoto ya floboli, mchezo kama hoki unaochezwa ukumbini kwa gongo na mpira mwepesi wa plastiki, hapa Ufini ambako wenyewe wanauita salibandy, na jirani zao Waswidi wanauita innebandy. Wengi wanaonijia wameshaamua kununua gongo jipya. Ninaligeuza, ninalipapasa, na mara nyingi naona kinachotakiwa kubadilishwa ni gripu tu, ule mkanda laini unaozungushiwa sehemu ya juu. Wakati mwingine hakuna hata cha kubadilisha. Kuna cha kuosha.

Haya nawaandikia wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, ambao watoto wao wameupendea mchezo huu shuleni ilhali sisi hatukukua nao. Nawaandikia pia wanaoucheza Nairobi na Kampala, ambako gripu haipatikani duka la jirani na lazima ile uliyonayo idumu.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Mpini ni ule mrija mrefu wa faibaglasi au kaboni. Bapa ni kipande cha plastiki cha chini kinachogusa mpira. Kizibo ni kile kifuniko cha ncha ya juu. Tepu ya kumalizia ni ile fupi inayobana mwisho wa gripu upande wa chini.

Mambo ya kukufanya uache kabla hujaanza

Ukiona ufa kwenye mpini, hata ule mwembamba kama unywele, au nyuzi zimechomoza kama miiba, usiufunge kwa tepu na kumrudishia mtoto. Mpini wa kaboni hauvunjiki polepole. Unapasuka ghafla wakati wa shuti na kuacha ncha kali karibu na uso wa mtu. Gongo hilo liondoke uwanjani siku hiyohiyo. Kama bado liko ndani ya muda wa dhamana, lirudishe dukani kama lilivyo, bila kulikata wala kulibandika chochote.

Mwiba wa kaboni ukiingia juujuu ya ngozi, osha kwa maji na sabuni kisha uutoe kwa kibano. Ukizama ndani, au vumbi lake likiingia jichoni, acha kuchokoachokoa na umpeleke mtu kwa daktari.

Na kama malalamiko ni ganzi ya vidole au maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha hata baada ya siku kadhaa za kupumzika, hilo si la gripu tena. Amwone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwanza.

Dalili: gripu inazunguka au inateremka kwenye mpini

Hii ndiyo ninayoiona kuliko zote. Mtoto anashika kwa nguvu, anapiga, na mkanda unajigeuza ndani ya kiganja chake. Bapa linaangalia pembeni bila yeye kujua, na mpira unakwenda kusikotakiwa.

Anza na tepu ya kumalizia. Shika mwisho wa chini wa gripu kwa vidole viwili na ujaribu kuuzungusha. Kama huo ndio unaocheza na sehemu ya juu imeshika, kazi ni ya dakika tano: bandua tepu ya zamani, vuta gripu ikaze upya mizunguko miwili ya mwisho, kisha funga tepu mpya huku ukiivuta. Tepu ya umeme ya kawaida inafanya kazi vizuri kabisa.

Kama gripu nzima inacheza, sababu inayofuata kwa wingi ni kwamba ilizungushwa bila kuvutwa. Mkanda wa gripu umetengenezwa kwa plastiki laini inayonyumbuka. Ukiuweka legelege unakaa juu ya mpini kama soksi iliyolegea mpira, na gundi peke yake haiwezi kuushika. Hapo dawa ni kuufumua na kuanza upya.

Sababu ya tatu imejificha chini ya mkanda: mabaki ya gundi ya zamani, au mafuta. Watu wengi hung'oa gripu iliyochakaa na kuzungusha mpya palepale, juu ya madoa ya gundi iliyoganda. Gundi mpya inashika gundi ya zamani, wala haishiki mpini. Wiki ya kwanza mambo ni mazuri, wiki ya tatu mkanda unaanza kutembea.

Halafu kuna baridi. Hapa kwetu gongo hukaa kwenye buti la gari usiku wa Januari, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha mzazi anaamua kubadilisha gripu palepale ukumbini dakika kumi kabla ya mechi. Gundi haishiki mpini wa barafu, na unyevu wa ukumbini unatanda juu yake kama jasho la chupa ya soda. Liache gongo ndani ya nyumba saa kadhaa kwanza. Pwani shida ni kinyume chake: gongo lililoachwa ndani ya gari juani gundi yake inalainika na mkanda unateremka wenyewe.

Mwisho kabisa, na hili ni la wanaofunga kwa mara ya kwanza: angalia kama ule ukanda wa karatasi unaofunika gundi uliondolewa wote. Nimekwisha kufumua gripu nikakuta karatasi yote imo ndani, safi kama ilivyotoka kiwandani.

Sasa kazi yenyewe ya kufunga upya. Nitaieleza kwa urefu, kwa sababu nusu ya dalili zinazofuata zinatokana na hatua hizi kufanywa kwa haraka.

Kabla ya kung'oa chochote, tafuta alama ya mshiko kwenye mpini, yaani mstari au maandishi yanayoonyesha gripu inatakiwa kuishia wapi. Piga picha kwa simu. Kisha ipashe joto gripu ya zamani kwa kikausha nywele, moto wa wastani, huku ukikisogeza bila kutulia mahali pamoja. Ibandue taratibu kuanzia chini. Usitumie kisu kuchana mkanda ukiwa juu ya mpini. Mchano mdogo kwenye nyuzi za kaboni ndipo ufa unapoanzia.

Gundi iliyobaki isugue kwa kidole gumba mpaka ijikunje kuwa vidonge vidogo. Kinachogoma kipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa. Asetoni na vimumunyisho vya rangi viache. Vinaweza kula rangi na ile gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi za mpini. Ukishamaliza, usiuguse tena mpini kwa mikono mitupu yenye jasho.

Jaribu kwanza kavu: zungusha gripu bila kubandua karatasi, uone inafika wapi. Ndipo uanze kwa kweli. Ncha iliyokatwa kimshazari inaanzia juu, karibu na kizibo. Bandua karatasi ya gundi kidogokidogo, kama sentimita 20 kwa mara moja, ili isijishike yenyewe. Keti, laza mpini mapajani, na uuzungushe mpini badala ya kuuzungusha mkanda. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta mkanda kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mzunguko ulalie uliotangulia kwa milimita 1 au 2 tu. Ukifika kwenye alama, kata mkanda kimshazari ili mwisho wake ukae sawa na mpini, kisha funga tepu mizunguko miwili. Uache ulale usiku mzima kabla ya kuchezea.

Dalili: gripu imekaza lakini mkono unateleza

Watu wa kwetu, nisikieni hapa. Majira ya baridi hewa ya huku inakausha ngozi mpaka inapauka na kuchanika, na sisi tumelelewa kumpaka mtoto mafuta kila anapotoka kuoga. Mafuta ya mgando yanabaki viganjani, yanahamia kwenye gripu, na baada ya wiki mbili mkanda unang'aa na kuteleza kama samaki. Nilihangaika na gongo la mwanangu msimu mzima wa kwanza, nikabadilisha gripu mara tatu, kabla sijatambua kwamba tatizo lilikuwa kwenye kopo lililo karibu na mlango wetu. Mpake mtoto mafuta baada ya mazoezi. Kabla yake, mpake mwili wote ukitaka, ila anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla hajashika gongo.

Dawa ya gripu yenyewe ni kuifuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, kuifuta tena kwa maji matupu, na kuiacha ikauke penye hewa. Usiisogeze kwenye hita wala kuianika juani. Usiiloweke, maji yakiingia chini ya mkanda gundi inaachia. Nyingi ninazoletewa zikiwa "zimeisha" hufufuka kwa hili peke yake.

Gripu ikiwa mpya na inateleza tangu siku ya kwanza, angalia kama imevikwa utando mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga. Baadhi zinauzwa na utando huo wa kuzilinda, na ni rahisi kudhani ndio mng'ao wa mkanda. Kwaruza ukingo kwa ukucha. Ukiinuka kama ganda la kitunguu, uvue wote.

Kama mikono safi, gripu safi, na bado inateleza, tazama uchakavu. Sehemu unapokaa mkono wa juu huwa ngumu na yenye kuteleza kama kioo, au sifongo ya ndani inaanza kuonekana. Hapo hakuna kuosha, ni kubadilisha. Mtoto anayecheza mara mbili au tatu kwa wiki, mimi humbadilishia mwanzoni mwa msimu na tena katikati yake.

Anayetoka jasho jingi la viganja achague gripu yenye matundu madogomadogo au mifereji, maana ile laini inayonata hunata kwa mkono mkavu tu. Poda na chaki za kushikia nazikataza. Zinafanya kazi dakika kumi, halafu zinachanganyika na jasho kuwa tope, na kinachomwagika sakafuni kinamwangusha mwenzako.

Dalili: kingo zinainuka, kuna mapengo, au mkanda umeisha kabla ya kufika

Zote tatu ni watoto wa mama mmoja: mlalo usio sawa wa mzunguko juu ya mzunguko.

Fanya hesabu uone. Chukua mpini wenye kipenyo cha milimita 26 na sehemu ya kufunga yenye urefu wa sentimita 30, na mkanda wenye upana wa milimita 25. Ukiulaza kwa milimita 2, kila mzunguko unasonga milimita 23, na utatumia takriban sentimita 110 za mkanda. Ukiulaza kwa milimita 8, kila mzunguko unasonga milimita 17 tu, na utahitaji takriban sentimita 147. Tofauti hiyo ndiyo inayokufanya useme dukani wamekuuzia mkanda mfupi. Isitoshe, mlalo mpana unaacha tuta kila mzunguko, mkono wa chini unapopanda na kushuka unalikwaruza, na ukingo unaanza kuinuka.

Ukingo ulioinuka sehemu moja tu unaweza kuurudisha kwa tone dogo la gundi ya mpira na kuubana kwa uzi usiku mmoja. Pengo halirudishwi; fumua hadi hapo penye pengo na uendelee upya kwa mvuto ulio sawa.

Wasiopata gripu ya floboli hutumia ile ya raketi ya tenisi. Inafaa, ila imekatwa kwa mshiko mfupi, kwa hiyo mara nyingi zinahitajika mbili, na kiungo kiwekwe mahali ambapo hakuna mkono unaokaa. Tepu ya kitambaa ya hoki ya barafu nayo inashika vizuri lakini inakwangua ngozi ya mtoto. Ukanda wa tyubu ya baiskeli unashika sana. Ni mzito tu, na unaacha weusi mikononi. Kwa mazoezi kwenye sakafu ya saruji mimi nisingeukataa.

Dalili: malengelenge, au kiganja kinachoka upesi

Lengelenge chini ya kidole kidogo cha mkono wa juu mara nyingi linatokana na kizibo kilichotokeza au ukingo wa gripu uliokunjamana hapo mwanzo. Papasa kwa kidole. Mahali panapokukera wewe kwa sekunde moja, mtoto anasuguliwa napo kwa saa nzima.

Mkono wote ukichoka, pima unene. Mwambie mtoto ashike mpini kama anavyocheza, kisha utazame ncha za vidole vyake. Zikikaribia kugusa kiganja, unene unafaa. Zikizama kwenye kiganja, gripu ni nyembamba na anaiminya kupita kiasi. Zikibaki mbali na kiganja, ni nene na hawezi kuufunga mkono. Kwa mtoto mdogo kosa la kawaida ni hili la pili. Mzazi anafunga gripu mpya juu ya ya zamani kwa nia njema ya kuongeza ulaini, na gongo linakuwa kama mtwangio.

Upele au ngozi nyekundu inayowasha mahali palipogusa gripu peke yake inaweza kuwa mzio. Acha kuitumia, na upele usipotulia muone daktari.

Dalili: shuti halina nguvu, mpira hauinuki

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tafadhali usiruke kipimo hata kimoja.

Cha kwanza ni upande. Bapa limepinda kushoto au kulia. Gongo la kushoto ni la yule anayeshusha mkono wa kushoto chini. Watu hudhani anayeandika kwa mkono wa kulia lazima apewe la kulia. Si lazima. Mpe mtoto fagio lenye mpini mrefu, mwambie afagie sebule, na usimwelekeze chochote. Tazama ni mkono upi umeshuka chini. Huo ndio upande wake.

Cha pili ni urefu. Avae viatu vya kuchezea, asimame wima, gongo lisimame mbele yake bapa likiwa sakafuni. Ncha ya juu ifike kitovuni au sentimita 2 au 3 juu yake. Namba iliyoandikwa kwenye mpini, kwa mfano 87 au 96, ni urefu wa mpini peke yake bila bapa, kwa hiyo usinunue kwa kulinganisha namba hiyo na utepe uliompimia mtoto kutoka sakafuni hadi kitovuni. Dalili ya gongo refu mno ni mkono wa juu unaoshika chini ya ncha, na kiwiko kinachogonga mbavu. Wazazi hununua refu ili mtoto akue nalo kama viatu vya sikukuu. Kiatu kikubwa kinavaliwa na soksi mbili. Gongo refu linamfundisha mkao mbaya ambao kocha atatumia mwaka mzima kuurekebisha.

Cha tatu ni ugumu wa mpini, na hapa kuna namba inayowachanganya karibu wote. Kwenye mpini utaona 26, 29, 32 au kitu kama hicho. Namba hiyo inapatikana hivi: mpini unalazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 60, katikati unaning'inizwa uzito wa kilo 30, na wanapima mpini umepinda milimita ngapi. Ukishuka milimita 29, unaandikwa 29. Kwa hiyo namba kubwa ni mpini laini, namba ndogo ni mpini mgumu. Watu husikia 24 wakadhani ni mpini wa mtoto kwa kuwa ni namba ndogo. Kumbe huo ni wa mtu mzima mwenye mabega.

Nguvu ya shuti la kuburuta inatokana na mpini kupinda bapa linaposukuma sakafu, kisha kujirudisha kwa kasi mpira ukiwa bado umegusana na bapa. Mpini usiopinda haurudishi kitu. Mtoto wa kilo 35 akipewa 26 anasukuma mti mkavu: mpira unatoka kwa nguvu ya mikono yake peke yake. Watoto wadogo wanahitaji 32 na kuendelea. Kijana anayekaribia kimo cha mtu mzima anaanza kufaa 29 au 28. Kushuka chini ya hapo ni kwa wanaopiga kwa uzito wa mwili wote, na hata wao, mabeki ndio huupenda ugumu kuliko washambuliaji wanaopiga haraka kwa kifundo cha mkono.

Jinsi ya kujua bila kubahatisha: mpige video ya mwendo wa polepole kwa simu, ukisimama ubavuni mwake, akipiga mashuti matano. Tazama mpini kati ya mikono yake na sakafu. Ukiuona umejikunja kama upinde kabla ya mpira kuondoka, mpini unamfaa na kilichobaki ni mazoezi. Ukibaki umenyooka kama rula, umemzidi. Usijaribu kuupima kwa kuukalia au kuukanyaga; wanaofanya hivyo huniletea mpini wenye ufa.

Ukipita vipimo vyote vitatu, ndipo uangalie gripu nene inayomnyima hisia, halafu skrubu za bapa zilizolegea. Bapa lenyewe ni la mwisho.

Dalili: baada ya kukata, gongo limekuwa gumu au ncha imechanika

Mpini ukifupishwa mkono unahisi ugumu zaidi, na hiyo si kasoro. Nyuzi ni zilezile, ila wenzo umekuwa mfupi, na wenzo mfupi unahitaji nguvu zaidi kupinda. Anayejua atakata sentimita 5 achague tangu dukani mpini laini kidogo kuliko anaoutaka. Akumbuke pia kwamba alama ya mshiko haisogei. Sentimita 5 zilizokatwa juu ni sentimita 5 za gripu zilizoondoka.

Ncha iliyochanika inatokana na msumeno wa meno makubwa au kukata bila tepu. Kata upande wa juu tu, usiguse upande wa bapa. Toa kizibo, zungusha tepu ya karatasi mahali pa kukata, chora mstari juu yake, bana mpini kwenye jiliwa lililowekwa kitambaa, na usikaze sana kwa maana mrija ndani ni mtupu na unabonyea. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, sukuma polepole, na geuza mpini unapoendelea badala ya kukata moja kwa moja hadi upande wa pili. Lainisha ukingo kwa msasa uliolowa. Vaa barakoa, miwani na glavu, fanya kazi nje, na ukusanye vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza. Watoto wasiwe karibu. Kata pungufu ya unachodhani unahitaji, mtoto aujaribu siku mbili, ndipo urudie.

Ufa ukianzia kwenye mkato na kushuka chini ya sehemu ya gripu, mpini huo umekwisha. Huna jiliwa? Mpelekee fundi wa duka la vifaa vya michezo. Ila soma karatasi ya dhamana kwanza, kwa sababu mpini uliokatwa mara nyingi haupokelewi tena.

Dalili: gongo linalia au linatikisika ndani

Sauti ya kugongagonga juu ni kizibo kilicholegea. Kitoe, zungushia tepu kidogo, kirudishe kwa kubana. Sauti ya chini ni skrubu za bapa. Zikaze kwa mkono, usitumie mashine, kwani plastiki inakwanguka na skrubu haitashika tena. Punje inayotembea ndani ya mrija ni kipande cha gundi ya kiwandani kilichoachia na haina madhara.

Mlio mfupi mkavu unaosikika mpini unapopinda ndio wa kuogopa. Fumua gripu, kwa sababu ufa hupenda kujificha chini yake au pale bapa linapoungana na mpini. Pitisha taa ya simu kwa ubavu na utazame kivuli. Gonga mpini wote kwa sarafu: sehemu nzima inatoa sauti kali, iliyopasuka inatoa sauti iliyokufa. Ukiwa na shaka usimpe mtu yeyote alichezee.

Dalili: refa amelikataa gongo

Kanuni za shirikisho la kimataifa, IFF, zinaruhusu mpini ufupishwe, na zinaruhusu mkanda uzungushwe juu ya alama ya mshiko. Haziruhusu marekebisho mengine, wala kufunika alama rasmi za uthibitisho. Kwa hiyo angalia kwanza kama gripu imepita alama kwenda chini, kisha kama umefunika ile nembo ya IFF kwa tepu au stika ya jina la mtoto. Jina liandike kwenye tepu ya kumalizia. Ndipo mahali pake.

Kama gripu haina kosa, tazama bapa. Mpini na bapa lazima viwe vya kampuni moja, na bapa lisipinde zaidi ya milimita 30 linapolazwa juu ya sakafu tambarare. Huko nyumbani wanakozoea kuunganisha bapa lolote na mpini wowote uliopatikana, mazoezini hakuna atakayekuuliza. Mechi rasmi ni habari nyingine, na mtoto atakayetolewa nje ni yule uliyemfungia wewe. Mpelekee refa gongo alitazame kabla ya kupasha misuli moto, wakati bado kuna muda wa kufumua mizunguko miwili na kufunga upya.